Mhariri, na hizi sinema nyingine tutazisikia wapi?

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote mnaotutengenezea gazeti. Naandika kuhusu ukurasa wenu wa burudani, hasa ule wa mwanzo wa mwezi mnapoweka sinema zinazoingia kumbini. Naupenda sana, nikishika gazeti naanzia huko, siasa baadae, ila kuna jambo linaniuma muda mrefu na leo nimeamua niliseme. Kila mwezi ni zile zile, za Marekani nne au tano, ya Kihindi moja, picha kubwa ya staa, tarehe ya Ijumaa itakapoanza, basi ukurasa umeisha. Sasa hizo hata msipoziandika tutazijua tu, matangazo yake yapo kwenye simu, kwenye mabango barabarani, mpaka kwenye begi za watoto wa shule. Julai 2023 zilipotoka Barbie na Oppenheimer siku moja, tarehe 21, nani hakujua? Watoto wa mtaani kwetu ambao hawajawahi kukanyaga ukumbi wa sinema walikuwa wanajua. Lakini sinema iliyotengenezwa hapa hapa, kwa Kiswahili, waigizaji tunapishana nao kwenye daladala, inaingia Ijumaa, wiki ya pili imeshatoka na sisi hatuna habari, unakuja kuisikia mwaka unaofuata kwa mtu aliyeiona Ulaya.

Ombi langu nalisema mapema kabisa ili hata mkiifupisha barua lisipotee. Kila mwezi mtuwekee na sinema zetu zinazokuja, hata kama ni moja tu, mseme inaanza lini, ukumbi gani, saa ngapi. Halafu pembeni hapo mtuwekee sinema moja iliyokwishapita bila watu kuiona, yetu au ya majirani zetu, mtuambie inahusu nini na inapatikana wapi. Basi, sina lingine.

Mi ni fundi cherehani, niko Tandika, tuko mafundi kadhaa kwenye chumba kimoja na tivii inawaka toka asubuhi mpaka tunafunga. Tamthilia tumeziona zote, za Kituruki, za Kifilipino, za Sinema Zetu, za Maisha Magic Bongo, na tunabishana kweli kweli huku mashine zinaenda. Kwa hiyo mtu akiniambia Watanzania hawapendi kuangalia picha za kwao namshangaa sana. Wale watu waliojaa viwanja vya Leaders Aprili 2012 kumuaga mwigizaji wetu Kanumba mpaka wengine wanazimia, walikuwa watu wasiopenda sinema zao? Mapenzi yapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia watu kwa wakati.

Kwa wakati, hapo ndo penyewe. Kumbi zinavyoendeshwa ni kwamba sinema mpya inaingia Ijumaa, wanaangalia Ijumaa, Jumamosi na Jumapili imekata tiketi ngapi, na hizo siku tatu ndo zinaamua maisha yake. Ikiwa haina watu, wiki inayofuata inapewa saa mbovu, saa nane mchana siku ya kazi, nani ataenda? Ikishapewa saa hiyo watu wanapungua zaidi, inaondolewa, inasemwa haikuuza. Ile ya Marekani inakuja na hela ya matangazo imeshalipwa huko huko miezi kabla, trela umeshaiona mara mia. Ya kwetu dairekta mwenyewe ndo anapost kwenye ukurasa wake anaomba watu washee, wakati hela yote imeishia kwenye kutengeneza. Sasa hapo ndo gazeti lina nguvu kuliko kitu chochote, maana mstari mmoja tu Jumatano au Alhamisi, “kesho kutwa inaanza fulani, saa kumi na mbili jioni”, unaweza kuwatoa watu nyumbani. Mkiandika Jumatatu ya wiki ya pili mnaandika tanzia.

Niliwahi kutoka na wenzangu wawili kwenda ukumbi mmoja hapa mjini kuangalia picha ya Kitanzania tuliyoisikia kwa wateja, nauli ya daladala mbili mbili, tunafika tunaambiwa ilishatolewa jana yake. Yule binti wa tiketi alikuwa na huruma kabisa, akatuambia mama hata sisi tuliipenda. Hapo hapakuwa na kosa la mtu, ila iliniuma mpaka leo.

Sasa naomba nizitaje baadhi ninazozijua ili muone sisemi hewani.

Naanza na Vuta N'kuvute. Kitabu cha Adam Shafi wengi wanakijua, binti yangu kakisoma kidato cha tano na sita, ni kitabu cha mtihani, Yasmin, Denge, Mwajuma wote anawajua kama ndugu zake, anakuchambulia dhamira na ujumbe mpaka unachoka. Siku namwambia kuna sinema yake alidhani namtania. Ipo! Kaitengeneza Amil Shivji, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto Septemba 2021, na ilikuwa ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa pale, halafu 2022 nchi ikaipeleka kugombea Oscar. Kabla yake mara ya mwisho tulipeleka Maangamizi mwaka 2001, katikati hapo miaka ishirini na kitu kimya. Sasa jamani, nchi nzima ina wanafunzi wanaokariri kile kitabu kila mwaka, walimu wanahangaika kuwaelezea Zanzibar ya miaka ya hamsini ilikuwaje, na sinema yake ipo watu hawajui. Hicho kitu kilitakiwa kiwe kila shule yenye projekta.

Na ni nzuri, sisemi kwa sababu ni ya kwetu. Mi kwa kazi yangu macho yanakimbilia nguo kwanza, na picha nyingi za zamani zinazotengenezwa siku hizi nguo zinakuwa zimetoka dukani jana, zina mikunjo ya kabati. Hii hapana, magauni, mabuibui, kanzu, unaona zimevaliwa zimefuliwa zimevaliwa tena, na rangi zimetulia na kuta za Mji Mkongwe. Mwajuma kachezwa na Siti Amina ambaye ni mwimbaji hasa, taarabu anaiimba kwenye bendi yake, kwa hiyo pale anapoimba hakuna kuigiza. Dairekta hana haraka, kuna sehemu anakuacha tu unaangalia uso wa Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, anatazama nje, na unaelewa kila kitu. Wenzangu wawili walisema inaenda polepole. Ni kweli inaenda polepole, na mi ndo ninachokipenda, ila atakayeiangalia ajue hivyo asije akategemea makofi na kukimbizana.

Halafu kuna hii ambayo natamani kila mtu anayepika kwa mkaa aione. Inaitwa Makala, kwao maana yake mkaa, ya mwaka 2017, imetengenezwa na Mfaransa anaitwa Emmanuel Gras ila watu wote ni wa Katanga kule Kongo na wanaongea Kiswahili chao mwanzo mwisho. Niliambiwa na mteja wangu Mkongo anayekuja kuchukua mzigo Kariakoo, nikaiangalia kwenye kompyuta ya mtoto wa dada. Hakuna hadithi ya kutunga mle, ni kijana mmoja wa kijijini, Kabwita, ana mke na watoto, anataka kujenga nyumba. Hana kitu ana shoka. Anakata mti mkubwa peke yake, na kamera iko pale pale, unasikia kila pigo, unaanza kuchoka wewe uliyekaa. Anajenga tanuri la udongo, anachoma, anasubiri, anatoa mkaa, anaupakia magunia kwa magunia kwenye baiskeli mpaka baiskeli yenyewe huioni. Kisha anaisukuma. Haipandi, anaisukuma, barabara ya vumbi, siku kadhaa, kwenda kuuza Kolwezi. Malori yanampita usiku na taa na vumbi, unajisahau unabana pumzi. Akikaribia mjini kuna watu wamesimama wanadai chao ndo apite, na mwenye jasho hana la kusema.

Mjini kule Kolwezi ndo palinimaliza. Akina mama wanakuja wanabonyeza gunia, wanasema ghali, punguza, na mi nikajiona kabisa maana ndivyo nasemaga kila siku kwa muuza mkaa wangu. Anaulizia bei ya mabati. Kuna mtoto wake anaishi kwa ndugu mjini, kamletea viatu. Sitasema zaidi. Ile sinema ilishinda tuzo kubwa ya Wiki ya Wahakiki kwenye tamasha la Cannes 2017, Wafaransa waliijadili wakaandika kurasa na kurasa, wakasoma maandishi chini ya skrini ili waelewe yule kijana anasema nini, na sisi ambao tungemsikia moja kwa moja bila maandishi yoyote hatujui kama ipo. Kuna maneno ya kwao utayapita, Kiswahili cha Katanga kina vya kwake, ila baada ya dakika kumi sikio linazoea.

Tukiwa huko huko Kongo, kuna Mama Colonel ya Dieudo Hamadi, 2017 pia, ya mama wa polisi anayelinda wanawake na watoto, anahamishwa toka Bukavu kwenda Kisangani, anafika anakuta wanawake wanabeba mambo ya vita ambayo hakuna aliyewauliza. Ni nzito, si ya kuangalia na watoto. Lakini yule mama ukishamuona humsahau, anavyokaa mbele ya watu, anavyosikiliza.

Sasa hii nyingine ndo inanikera kuliko zote kwa jinsi ilivyopita kimya. The Empty Grave, ya 2024, wametengeneza Cece Mlay wa kwetu na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani, ilianzia kwenye tamasha la Berlin Februari mwaka huo. Inahusu kaburi la Nduna Songea Mbano, mkuu wa Wangoni kwenye vita vya Majimaji. Wote tulisoma Majimaji shuleni, 1905 mpaka 1907, tukajibu mtihani tukasahau. Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani 1906, na ukoo wake wanaamini kichwa kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani, na mpaka leo wanakitafuta. Sinema inamfuata mjukuu wa ukoo huo na mke wake, anaandika barua, anauliza maofisa, wanasafiri mpaka Berlin. Na inaifuata familia nyingine Meru wanaomtafuta Mangi Lobulu, chifu wao aliyenyongwa 1900. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani Steinmeier alikuja Songea mwenyewe akaomba msamaha mbele ya familia, magazeti yote yaliandika siku ile, na lenu mliandika vizuri. Miezi mitatu tu baadae sinema inayoelezea jambo lile lile kwa ndani inaonyeshwa Berlin, na kwenye ukurasa wa sinema wa mwezi ule sikuiona hata mstari.

Kilichonigusa mle ndani sio siasa. Ni vile unaona watu wa kawaida kabisa wanabeba msiba wa zaidi ya miaka mia moja, msiba ambao haujazikwa, na wanaubeba huku wana kazi, wana watoto, wana wageni wa kupikia. Sisi tunajua maana ya mtu kutozikwa kwao. Kuna familia hapa Tandika mtu wao alipotelea baharini na mama yake hakuwahi kutoa ile kanga ya msiba mpaka alipofariki. Sasa fikiria ukoo mzima, vizazi vinne. Pale wanapoingia jengo lenye makasha ya mifupa ya watu wa Afrika kule Ujerumani niliomba wasimamishe kidogo nikatoka nje.

Wakenya nao wana hazina kubwa, na kwa Kiswahili, nashangaa mpaka wa Namanga unazuiaje sinema. Supa Modo, 2018, ya Likarion Wainaina, ni ya mtoto wa kike anaitwa Jo, anaumwa ugonjwa usiopona, anapenda sana Jackie Chan na mashujaa wa kwenye sinema, na kijiji kizima kinakubaliana kumtengenezea sinema ambayo yeye ndo shujaa mwenye nguvu. Kuna jamaa mle ana kibanda cha video na anatafsiri picha kwa kelele, wale waliokulia vibanda umiza na kina Lufufu huku kwetu au DJ Afro kule kwao watamtambua mara moja. Hiyo iangalieni na watoto, haizidi saa moja na robo sana, na muwe na leso. Ndo sinema ambayo ningependa iwekwe kumbini kila likizo ya Juni na Desemba, badala ya katuni ya tatu ya panya yule yule.

The Letter nayo, ya 2019, ya Maia Lekow na Christopher King. Hiyo ni ya Pwani ya Kenya, huko Kilifi, kijana anaishi Mombasa anasikia bibi yake kijijini kasingiziwa uchawi na watu wa ukoo wenyewe, anarudi kuona kuna nini, na kadiri anavyouliza unaona suala ni shamba. Mhariri, hiyo habari si ya Kilifi peke yake. Huku kwetu Kanda ya Ziwa ajuza wangapi wameuawa kwa macho mekundu ya moshi wa kuni na nyuma yake kuna mtu anataka eneo? Ile sinema haipigi kelele, haihubiri, bibi analima, anaimba, anasali, na wanaomtuhumu nao wanapewa nafasi ya kuongea, na ndo inatisha zaidi maana sio majini, ni shangazi na baba mdogo. Ingekuwa mimi ningeizungusha kwa magari kijiji kwa kijiji, kama zamani yale magari ya sinema za serikali.

Na kwenye mambo hayo hayo kuna White Shadow ya 2013, ya Noaz Deshe, imechezwa Tanzania kwa Kiswahili, kijana mwenye ualbino baba yake anauawa, mama anamtuma mjini kwa mjomba akauze simu na CD barabarani. Ilipata tuzo ya sinema ya kwanza bora kwenye tamasha la Venice. Kijana aliyeigiza, Hamisi Bazili, jamani yule mtoto! Uso wake tu. Ni sinema ngumu, kamera inatikisika sana, kuna sehemu sikuelewa nani ni nani, lakini nilivyomaliza niliiona Mwanza na barabara zake kwa macho mengine, na sijawahi tena kusikia watu wakitania kuhusu jambo lile nikanyamaza.

Nyingine nazitaja haraka. Watu Wote ya 2017 ni fupi, dakika ishirini na kitu, inahusu basi lililovamiwa na magaidi Mandera kule Kenya Desemba 2015, pale Waislamu walipokataa kutenganishwa na Wakristo waliokuwa nao safarini. Iliingia kwenye tano za mwisho za Oscar ya sinema fupi 2018, walioitengeneza ni wanafunzi wa Ujerumani na wenzao wa Kenya. Subira, 2018, ya binti wa Lamu anayetaka kuogelea baharini na desturi inamkatalia, hata bahari yenyewe mle ndani ni nzuri kuitazama. Kati Kati ya Mbithi Masya, 2016, msichana anazinduka porini kavaa gauni la hospitali hajui yeye ni nani, hiyo nisiielezee, mtu aingie hajui kitu. Na ya Bi Kidude, As Old as My Tongue, 2006, ambayo mtu yeyote aliyewahi kucheza ngoma ya unyago au kusimama akatuza kwenye taarabu hana sababu ya kuikosa, Mungu amrehemu bibi yetu, tumempoteza 2013 na sauti yake iko mle inavuma.

Ile Maangamizi niliyoitaja juu nayo msiisahau. Ron Mulvihill na Martin Mhando, 2001. Profesa Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anacheza mgonjwa ambaye miaka na miaka haongei, anakuja daktari Mmarekani mweusi kumtibu. Yule mama anaigiza karibu sinema nzima kwa macho na mabega. Mabinti wanaoanza kuigiza sasa hivi, wanaodhani kuigiza ni kulia kwa sauti, wakae waiangalie mara tatu.

Najua mnaweza kuniambia kwamba gazeti linaandika kile watu wanataka, na watu wanataka zile kubwa. Sawa. Ila marehemu baba alikuwa akitusimulia Dar ya kumbi, Avalon, Empire, Empress, Odeon, Cameo, na ile sinema ya magari Msasani iliyofunguliwa 1966, pale ulipo Ubalozi wa Marekani sasa. Anasema watu walikuwa wanajipanga Jumapili na nguo zao nzuri, mafundi wa nguo tulikuwa tunapata hela kwa sababu ya sinema. Zanzibar wao walikuwa na ukumbi toka 1921. Na wengi walienda kuangalia picha za Kihindi wakati Kihindi hawakijui, kwa sababu kila mtu alikuwa anaambizana, wiki hii kuna nini, nani kaiona, inaishaje. Maongezi yale ndo yalijaza kumbi. Maongezi hayo sasa hivi yanaanzia kwenye simu na simu zinasukumwa na wenye hela, gazeti ndo lingeweza kuyaanzisha bila kulipwa.

Na wala sio kazi kubwa kiasi hicho. Matamasha yana miezi yake inajulikana. Berlin ni Februari, Cannes Mei, Toronto Septemba, Ouagadougou kila baada ya miaka miwili, na letu wenyewe la Zanzibar la Nchi za Jahazi pale Ngome Kongwe kila mwaka. Sinema yetu ikichaguliwa mahali hapo mwandishi wenu aandike mistari mitano, aweke kumbukumbu kwenye daftari lake, na ikija kwetu atukumbushe. Vituo vya utamaduni kama Goethe cha Wajerumani, Alliance cha Wafaransa, na kituo cha sanaa cha Nafasi pale Mikocheni huwa wanaonyesha sinema za namna hii mara nyingi tu, na nyingi ya hizo jioni hulipi kitu, lakini wanaokwenda ni wale wale wanaojuana. Mtu wa Tandika, wa Mbagala, wa Gongo la Mboto anadhani kule si kwake. Akisoma kwenye gazeti kwamba ni bure na karibu, atakwenda. Mi nilikwenda nikiwa na vumbi la vitambaa mwilini na nilipewa kiti kama wengine.

Jambo jingine dogo, mkiandika msiandike “filamu ya kielimu” au “filamu ya uhamasishaji”, hayo maneno yanafukuza watu. Andikeni kama mnavyoandika zile za Marekani: nani anacheza, inahusu nini, inaumiza au inachekesha, watoto waruhusiwe au la, ni ya muda gani. Na kama ni mbaya semeni mbaya, maana zetu nyingine ni mbaya kweli, sauti haisikiki, taa hakuna, hadithi imekatwa ikawekwa sehemu ya pili ili ununue tena, watu walichoshwa na hayo na wana haki. Mkisema ukweli kwenye zile mbovu, siku mkisema hii nzuri tutawaamini tutakwenda.

Kwa kuanzia, kama mtakubali, naomba Februari muweke The Empty Grave. Tarehe 27 Februari ndo siku mashujaa wengi wa Majimaji walinyongwa Songea mwaka 1906 na kila mwaka kunafanyika kumbukumbu kule, kwa hiyo mtakuwa mna habari yake tayari, ongezeni tu pale chini kwamba kuna sinema, na muulize watengenezaji inaweza kuonyeshwa wapi wiki hiyo, Songea, Dar, Moshi, Arusha, popote penye ukuta mweupe na projekta. Sisi huku tutafunga mashine mapema siku hiyo na tutakuja, na mabinti tunaowafundisha kushona tutakuja nao.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Fundi cherehani, Tandika, Dar es Salaam